Kuandika Tukio: Somo kwa Walinzi, Viongozi wa Vijiji na Wakazi wa Mpakani

Askari wa Uganda hana mamlaka ya kumkamata mtu hatua kumi ndani ya ardhi ya Kenya. Mwenzake wa Kenya hana mamlaka hayo upande wetu, wala wa Tanzania pale Mutukula, wala wa Kongo pale Mpondwe. Wezi wa pikipiki, mifugo na simu wanalifahamu jambo hili vyema, ndiyo maana mali iliyoibwa Busia aghalabu haikai Busia. Serikali zetu zimejitahidi kuliziba pengo hilo. Shirika la ushirikiano wa wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki, EAPCCO, liliasisiwa mwaka 1998. Vituo vya pamoja vya mpakani vilizinduliwa Mutukula mwaka 2017 na Busia mwaka 2018, na humo maafisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja. Hata hivyo, afisa wa upande huu anapomwendea mwenzake wa upande wa pili kuomba msaada, jambo la kwanza analoulizwa ni hili: tukio liliandikwa wapi, lini, na kwa nambari gani? Asipokuwa na jibu, mazungumzo huishia hapo, hata kama wawili hao wamekunywa chai pamoja kwa miaka kumi.

Somo la toleo hili linahusu jibu la swali hilo. Linamhusu askari polisi, mlinzi wa kampuni binafsi, mwenyekiti wa LC1 na mwananchi wa kawaida, kwa kuwa kila mmoja wao huandika, au angepaswa kuandika, sehemu yake ya habari ile ile.

Daftari moja, majina matatu

Mwananchi anapotoa taarifa katika kituo cha polisi nchini Uganda, taarifa yake huingizwa katika daftari la kituo, ambalo wengi wanalijua kwa herufi SD. Kila taarifa hupewa nambari ya mfululizo pamoja na tarehe. Upelelezi ukifunguliwa, jalada lake hupata nambari nyingine, ya CRB. Nchini Kenya daftari kama hilo huitwa OB, na nchini Tanzania mwananchi huondoka kituoni akiwa na nambari ya RB. Hali ni hiyo hiyo kwa fomu ya matibabu ya mtu aliyejeruhiwa: Uganda na Tanzania ni PF3, Kenya ni P3. Mkazi wa mpakani ayajue majina yote haya, kwa sababu huenda akaibiwa upande mmoja na kutafuta haki yake upande wa pili, na si vyema azungushwe kwa siku nzima kwa kutojua jina la karatasi aliyo nayo mfukoni.

Tuchukue mfano wa pikipiki. Kijana wa bodaboda ameibiwa pikipiki Jumatatu usiku. Anamwambia mwenyekiti wa kijiji kwa mdomo, anawaambia wenzake wa stendi, na siku mbili zinapita wakiitafuta vichakani na katika gereji za vichochoroni. Alhamisi anakata tamaa na kuja kituoni. Jumamosi polisi wa upande wa pili wanaikamata pikipiki ile ikiwa na mtu mwenye mkataba wa mauziano, wenye saini za mashahidi wawili na tarehe ya Jumatano. Sasa zipo karatasi mbili mezani: moja inasema pikipiki ilinunuliwa Jumatano, nyingine inasema taarifa ya wizi ilitolewa Alhamisi. Mwenye mkataba anauliza, kwa upole kabisa, angejuaje Jumatano kwamba kitu hicho ni cha wizi? Kijana akiwa na kadi ya umiliki, huenda hatimaye akashinda. Lakini hatimaye hiyo yaweza kuwa baada ya miezi mingi, pikipiki ikinyeshewa katika uwanja wa kituo, na mkopo aliouchukua kuinunua unaendelea kudai marejesho kila wiki.

Iwapo mwenyekiti angefungua daftari lake usiku ule ule, akaandika saa, mahali, nambari ya usajili, nambari ya chasisi na nambari ya injini, kisha yeye na mlalamikaji wakatia saini, ukurasa huo mmoja ungetangulia mkataba kwa siku mbili. Hausimami badala ya taarifa ya polisi, lakini unaonyesha kwamba kilio kilikuwapo kabla ya mauziano. Kijana naye angekuja kituoni alfajiri, wenzake wakiendelea kutafuta.

Nimetaja chasisi na injini kwa makusudi. Kibao cha nambari ya usajili hufunguliwa kwa spana kwa muda mfupi kuliko wa kumenya ndizi. Nambari ya chasisi imegongwa kwenye chuma cha fremu, na kuifuta huacha alama. Wamiliki wengi wa pikipiki hawajawahi kuisoma yao. Vivyo hivyo kwa simu: bonyeza *#06# na nambari ya IMEI, yenye tarakimu 15, itatokea kwenye kioo, simu ya laini mbili huonyesha mbili. Zinakiliwe leo na kuhifadhiwa nyumbani, wala zisihifadhiwe ndani ya simu hiyo hiyo. Kwa wafugaji, alama ya moto au mkato wa sikio uandikwe pamoja na rangi, jinsia na umri wa mnyama. Nchi wanachama wa EAPCCO zina itifaki ya mwaka 2008 dhidi ya wizi wa mifugo, lakini itifaki haimtambui ng'ombe. Anayemtambua ni mwenye daftari.

Saa ipi, na usiku upi?

Hapa nitakawia kidogo, maana ndipo kesi nyingi hudhoofikia bila mtu yeyote kukusudia ubaya.

Shahidi anaeleza kwa Kiswahili kwamba alisikia kelele saa nane usiku. Anayeandika, akiwa amezoea Kiingereza, anaweka tarakimu 8 peke yake. Miezi sita baadaye msomaji wa tatu anaiona 8 ile na kuelewa saa mbili. Tofauti ni saa sita kamili, na ndani ya saa sita mtu anaweza kuwa amelala kwake Tororo au amekwisha kufika Eldoret. Mshukiwa asiye na hatia anaweza kuponzwa na kosa hilo sawa na vile mhalifu anavyoweza kuponea humo. Dawa yake ni nyepesi. Andika kwa mfumo wa saa 24: saa nane usiku iwe 02:00, na saa mbili usiku iwe 20:00. Asiyeuzoea mfumo huo aandike kwa maneno kamili, "saa nane usiku", bila kuikata sentensi.

Usiku nao una mtego wake. Mtu akisema "usiku wa Ijumaa", wapo wanaoelewa usiku unaofuata mchana wa Ijumaa. Na wapo, hasa miongoni mwa Waislamu, wanaoelewa usiku unaotangulia, yaani baada ya jua la Alhamisi kutua. Wote wako sahihi kwa hesabu yao. Kwa hiyo daftari liseme "usiku wa tarehe 14 kuamkia tarehe 15", na ubishi hautakuwapo.

Kisha kuna mpaka wenyewe. Uganda, Kenya na Tanzania zina saa moja. Rwanda, Burundi, mashariki ya Kongo na Sudan Kusini ziko nyuma yetu kwa saa moja. Inapokuwa saa 22:00 Bwera, ni saa 21:00 Kasindi, ingawa mtu aliyesimama Bwera anaziona taa za Kasindi. Lori lililosajiliwa kuingia upande mmoja saa 21:30 na kutoka upande wa pili saa 21:10 halikurudi nyuma katika wakati; ni madaftari mawili yanayohesabu kwa saa mbili tofauti. Simu ya mkononi huongeza mkanganyiko, kwani hukamata mtandao wa ng'ambo na kubadilisha saa yake bila kumwambia mwenyewe. Mlinzi wa Mpondwe, Bunagana au Katuna anayetegemea saa ya simu aitazame mara mbili, na anaponakili habari kutoka upande wa pili aongeze maneno "saa za Kongo" au "saa za Rwanda".

Jina bila ukoo halitoshi

Ndugu zetu Bakonzo wa Kasese, na Wanande walio ng'ambo ya mto, huwapa watoto majina kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa. Kijana wa kwanza huku kwetu ni Baluku, kule ni Paluku. Wa pili Bwambale, kule Kambale. Wa tatu Masereka, kule Kasereka. Ni desturi njema inayoeleza nafasi ya mtu katika familia. Kwa mlinzi anayeandika "Bwambale alipita getini", ni sawa na kuandika kwamba mtu alipita getini. Kule Busia mambo hayana nafuu kubwa: nenda sokoni siku ya gulio uite Ouma, uone wangapi watageuka.

Jina katika daftari, basi, liambatane na jina la baba au la ukoo, kijiji anachokaa, nambari ya simu, na nambari ya kitambulisho ikiwa anacho. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wameweza kusafiri baina ya nchi hizo kwa vitambulisho vya taifa, kwa hiyo wengi hutembea navyo. Nakili herufi kama zilivyochapwa kwenye kadi, hata ukiona zimekosewa. Mtu asiye na kitambulisho aandikwe kwamba hakuwa nacho; uraia wake usikisiwe kwa lafudhi. Wasamia wako pande zote mbili za mpaka, Wateso vivyo hivyo, Bakonzo vivyo hivyo. Mlinzi aliyeandika "Mkenya mmoja" kwa kusikia lafudhi tu ameweka dhana ndani ya daftari, na dhana ikishaandikwa kwa wino huanza kuheshimiwa kama ushahidi.

Ndiyo kusema aandike alichoona. Badala ya "mtu wa kutiliwa shaka alizurura karibu na ghala", aandike hivi: "21:10. Mwanamume mrefu, koti la kijani, kofia nyeusi, amesimama kando ya mlango wa nyuma wa ghala. Nilimuuliza, akasema anasubiri gari. 21:40. Ameondoka kwa bodaboda kuelekea stendi." Mistari miwili. Mpelelezi atakayeusoma ukurasa huo atajua aanzie wapi: stendi, kwa waendesha bodaboda, akitaja koti la kijani.

Daftari la mlinzi

Maneno "hali shwari" yameandikwa katika madaftari ya walinzi wa maghala, vituo vya mafuta na benki mara nyingi kiasi kwamba yamekosa maana. Wakati mwingine huandikwa jioni kwa niaba ya usiku mzima ambao bado haujafika. Mwajiri anayeridhika nayo anajidanganya mwenyewe. Kampuni ya ulinzi inayojali kazi yake humtaka mlinzi aandike saa ya kupokea zamu na jina la aliyemkabidhi, hali ya makufuli na taa, kila gari lililoingia na nambari yake, kila mzunguko alioufanya, na saa ya kukabidhi. Usiku usio na tukio utaonekana katika mizunguko hiyo. Na likitokea jambo, daftari ndilo wakili wa mlinzi. Ghala likivunjwa saa 03:00, wa kwanza kushukiwa ni yeye. Akiwa na mzunguko ulioandikwa saa 02:30 kufuli likiwa zima, na taarifa aliyoipiga polisi saa 03:10, ana la kusema.

Kwa silaha hakuna mjadala. Bunduki inayotoka ghalani iandikwe kwa nambari yake, idadi ya risasi, jina la anayeichukua na saa; inaporudi, hesabu hiyo hiyo irudiwe mbele ya mpokeaji, na wote wawili watie saini. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo inazitaka nchi zilizoiridhia ziweke alama kwenye silaha na kutunza kumbukumbu zake. Itifaki hiyo inaanzia kwenye daftari la mlango wa ghala la silaha. Risasi mbili zikipungua, zijulikane asubuhi ile ile, kabla hazijavuka mpaka.

Saa ya kukamatwa

Wapo wanaodhani kwamba daftari la polisi ni chombo cha kumkamata mtu. Wasome Ibara ya 23 ya Katiba ya Uganda: mtu aliyekamatwa kwa kushukiwa kosa, kama hajaachiliwa mapema, afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Katiba ya Kenya, katika Ibara ya 49, inaweka ukomo wa saa 24. Saa hizo zinahesabiwa tangu lini? Tangu alipokamatwa. Basi saa ya kukamatwa isipoandikwa, au ikiandikwa saa ya kufikishwa kituoni badala yake, haki hiyo ya kikatiba haina pa kuanzia kuhesabiwa.

Jambo hili linawagusa pia raia wanaomkamata mwizi na kumleta kituoni. Mwenyekiti wa LC1 akiandika kwamba kijana alikamatwa na wanakijiji saa 19:00, akiwa na jeraha au bila jeraha, na kwamba alikabidhiwa kwa polisi saa 20:15, amewalinda watu watatu kwa pamoja: kijana, wanakijiji, na askari aliyempokea. Tumeona jinsi lawama zinavyorushwa huku na huko mshukiwa anapoonekana na majeraha na hakuna aliyeandika alivyokuwa wakati wa kupokelewa. Fedha, simu na vitu vingine alivyokutwa navyo viandikwe mbele yake kabla hajaingia mahabusu. Na kwa kuwa swali hili huulizwa kila tunapokutana nanyi vijijini, nitarudia: dhamana ya polisi haina malipo.

Kukabidhiana kuvuka mpaka

Usiku wa tarehe 11 Julai 2010, watu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yalilipuka Kampala katika mgahawa wa Ethiopian Village na katika uwanja wa raga wa Kyadondo. Zaidi ya watu 70 waliuawa. Katika klabu moja ya Makindye ulipatikana mkanda wa milipuko ambao haukulipuka, pamoja na simu. Kumbukumbu za mawasiliano ya simu zilikuwa miongoni mwa nyuzi zilizowafikisha wapelelezi kwa washukiwa, na washukiwa hao walitoka katika nchi zetu zaidi ya moja. Hukumu ilitolewa Mei 2016. Miaka hiyo haikuwa ya upelelezi mtupu. Kesi ilisimama kwa kipindi kirefu wakati baadhi ya washtakiwa walipokwenda katika Mahakama ya Katiba kulalamikia, pamoja na mambo mengine, namna walivyoletwa Uganda kutoka nchi jirani. Familia za marehemu zilisubiri muda huo wote.

Kesi za mpakani nyingi ni ndogo kuliko hiyo, lakini swali la makabidhiano ni lile lile. Mtu au kielelezo kinapotoka mkono mmoja kwenda mwingine, pawepo ukurasa unaosema nani alitoa, nani alipokea, kwa idhini ya nani, kikiwa katika hali gani, na saa ngapi kwa saa za nchi ipi. Mifuko kumi ya kahawa iliyokamatwa isigeuke minane ilipofika ghala la vielelezo. Wanakijiji wanaomrudisha ng'ombe wa jirani wa ng'ambo kwa moyo mwema, bila kupita kituoni wala kwa mwenyekiti, nao huwa hawana cha kuonyesha siku wanapoulizwa ng'ombe huyo aliingiaje kijijini kwao.

Wino, makosa na makundi ya WhatsApp

Kuhusu utunzaji wa daftari lenyewe nitasema machache. Kurasa zihesabiwe, zisichanwe. Tumia kalamu ya wino. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa ili neno la kwanza libaki likisomeka, andika lililo sahihi pembeni, weka saini na saa. Ukurasa uliopakwa rangi nyeupe huzua maswali hata kama kilichofutwa kilikuwa herufi moja. Habari iliyosahaulika iandikwe ilipokumbukwa, kwa saa ya kuandikwa, ikielezwa kwamba imechelewa. Isibanwe kati ya mistari ya jana.

Makundi ya WhatsApp ya ulinzi wa vijiji yanasaidia sana kupiga mbiu, na tunayaunga mkono. Lakini ujumbe hufutwa, simu huibwa, na sauti iliyotumwa mara ishirini haijulikani tena ilianza kwa nani. Yaliyosemwa kundini yahamishiwe kwenye daftari siku hiyo hiyo. Na daftari la wageni la kijiji lisipigwe picha na kusambazwa humo. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inahusu pia majina na nambari za simu zilizoandikwa kwa mkono. Majina ya wanawake na watoto waliodhulumiwa kimwili yahifadhiwe kwa uangalifu wa juu zaidi. Ukurasa wa namna hiyo usomwe na anayehusika tu.

Unapotoa taarifa kituoni, omba usomewe kilichoandikwa kabla ya kuondoka, katika lugha unayoielewa. Hakikisha saa, mahali na nambari za mali yako ni sahihi, kisha omba nambari ya SD na uinakili pamoja na jina la askari aliyekuhudumia. Huduma hiyo ni bure. Ukinyimwa, muone mkuu wa kituo. Asipokusikiliza, nenda kwa kamanda wa polisi wa wilaya au kitengo cha kusimamia nidhamu ya maafisa, ukieleza siku na saa uliyofika. Kwa dharura piga 999 au 112, na unapopiga, tazama saa uiandike.